Harusi Yako, Nani Ana Kazi?

Hii ni hotuba niliyotoa Jumamosi pale Temeke kwa wachumba, wazazi na watu wa kamati. Naiweka yote kwa waliokosa kuja, na kwa wale waliokuja wakaishia kukaa nyuma karibu na jenereta. Picha nilizokuwa naonyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wangu shikamooni. Mama zangu shikamooni. Wenzangu wa rika, mambo vipi. Wachumba mko wapi, hebu inueni mikono tuwaone... asanteni. Pale naona mmoja kainua mwenzake kamshusha mkono, nyie wawili tuonane baadae.

Wengi mnanijua kwa maiki. Wikiendi zangu zote ni za kumbi, leo Mbagala kesho Tegeta. Mama yangu Mbondei wa Muheza, baba yangu Mzaramo wa Kisarawe, kwahiyo ngoma za harusi nimeanza kupelekwa nikiwa bado nashikwa mkono nisipotee. Leo sijaja kuwachekesha, ingawa mkicheka sitawakataza. Nimekuja na swali moja na nitalirudia mpaka mnichoke.

Harusi ya mwisho uliyoenda, ulifanya nini?

Sikuulizi ulivaa nini. Nauliza ulifanya nini? Kadi imeandikwa saa kumi na mbili, wewe ukafika saa moja kwa kuogopa kuchelewa, maharusi wakaingia saa tatu. Ukakaa kwenye kiti kilichovalishwa nguo kuliko wewe. MC kama mimi akakwambia piga makofi ukapiga, akakwambia simama ukasimama, akakwambia twende tukawape mkono ukaserebuka na foleni na bahasha yako, ukala, ukapanda bajaji ukarudi kwako. Yaani umechanga laki nzima ya kadi dabo, ukaenda kukaa mahali mtu mwingine anarekodiwa video. Uongo?

Sasa kamuulize bibi yako harusi yake ilikuwaje. Hatakwambia kwanza kuhusu mapambo, atakwambia nani alifanya nini. Fulani ndio alikuwa mshenga, fulani ndio somo yangu, shangazi fulani ndio aliyenisinga kwa liwa siku tatu mpaka nikanuka kama duka la mhindi, fulani walipiga vugo njia nzima, mke wa mjomba alipika pilau na ikaungua na mpaka leo tunamkumbusha. Ile pilau iliyoungua ina mwenyewe! Ya kwetu ya siku hizi ikiungua tunampigia mtu wa ketaringi tunamkata hela.

Wachumba wakija kwangu wanasema dada MC, sisi tunataka yetu iwe na mila kidogo. Nafurahi. Nauliza mila gani? Naambiwa vibuyu mlangoni, nyungo ukutani, wale vijana wa ngoma za asili dakika kumi wakati wa kuingia. Jamani mimi sina ugomvi na vibuyu. Ila kibuyu hakina kazi pale, na yule kijana anayecheza ngoma hajui hata jina la bi harusi, anawahi shughuli nyingine Sinza. Kwa nilivyokaa kwenye hizi shughuli, mila ni kazi. Ni kazi anayopewa mtu fulani, kwa sababu yeye ni nani kwa huyu binti au huyu kijana, na asipoifanya yeye haifanyiki. Ndio maana nauliza, nani ana kazi?

Tuanze na mbuzi.

Ndafu. Siku hizi Dar hakuna harusi bila ndafu. Uwe Mmakonde, uwe Mnyakyusa, mbuzi mzima kaokwa, kasimamishwa kwenye meza, majani mdomoni, wanamsukuma na kitoroli muziki unalia. Ni ya Wachaga hii, imetoka Kilimanjaro na imetuteka nchi nzima, na mimi nawapongeza. Lakini tunaifanyaje? Maharusi wanashika kisu, wanakata kipande, wanalishana, picha, mbuzi anarudishwa jikoni, habari imeisha. Tumeigeuza keki ya pili.

Sasa kuna harusi moja Mbezi, bi harusi wa Marangu, bwana harusi Mngoni wa Songea. Mbuzi kafika, mimi nishaanza "kisu, kisu, kisu", nikaona mzee mmoja anakuja mbele na fimbo yake, babu yake mdogo bi harusi. Akanyoosha mkono, akaomba maiki. Kwa kweli niliogopa, maana wazee na maiki mnawajua. Akasema, "Huyu mbuzi ana wenyewe." Ukumbi kimya. Akaeleza kwamba kwao nyama haigawanywi ovyo, kila kiungo kina mtu wake kwenye ukoo, na leo hatakata mtoto, atakata yeye. Basi akaanza kuita. Akamuita shangazi wa binti, akasema huyu ndiye aliyemlipia ada kidato cha tano baba yake alipokuwa anaumwa, chukua. Akamuita mjomba, akasema huyu alikuwa anampeleka shule begani mvua ikinyesha maana mto ulikuwa unajaa, chukua. Akamuita mama mmoja jirani, sio ndugu kabisa, akamkatia naye. Mwisho akawaita wazazi wa kijana wakapewa fungu lao, akawaambia sasa mmewaona watu wa mtoto wenu, siku akikosea msimpigie baba yake peke yake.

Mnajua ule utambulisho wetu ulivyo? "Wajomba simameni, asanteni kaeni, mashangazi simameni, kaeni." Nusu saa, hakuna anayekumbuka sura hata moja. Yule mzee kwa mbuzi yule yule mliyekwisha mlipia alifanya utambulisho mpaka Wangoni wakawa wanauliza huyo wa mvua yuko meza gani tukamsalimie. Haikuongezeka shilingi. Kilichoongezeka ni mtu mwenye kazi.

Na Wachaga nisiwaache bado, maana kuna kitu chao kingine nakipenda zaidi na hakionekani ukumbini. Isale. Lile jani refu la kijani wanalopanda mipakani mwa vihamba, yale mashamba yao ya ukoo. Kwao ukimkosea mtu na unataka msamaha unampelekea isale, na anayeletewa isale kumkatalia aliyelileta ni jambo zito sana. Binti mmoja niliyekuwa namshughulikia, baba yake na baba yake mkubwa hawakuwa wanaongea, ugomvi wa kihamba, unajua wenyewe mambo ya mipaka. Kamati ikapanga wakae meza mbalimbali, wakaniambia mimi nisimtaje baba mkubwa kabisa kwenye ratiba. Yule binti akakataa. Akasema siwezi kuolewa huku watu wawili wanatazama ukuta. Akaenda Moshi mwenyewe wiki mbili kabla, akakaa na shangazi yake mkubwa, yule shangazi ndio akamshika kaka yake mdogo mkono, isale na mbege, mpaka kwa kaka mkubwa. Waliongea nini ndani mimi sijui, na hata binti hakuambiwa. Ninachojua siku ya harusi yule baba mkubwa alikaa meza kuu na alicheza kuliko bestman.

Sasa hiyo ungeipigaje picha? Haina picha. Na ndio sehemu ya harusi ile iliyofanya kazi kuliko zote. Nawaambia wachumba, kabla hujauliza mila gani itapendeza ukumbini, uliza kuna nini kwenye familia zetu kinahitaji kufanyiwa kazi kabla ya siku ile, halafu uliza wazee wetu walikuwa wanakifanyaje.

Twende kwenye posa.

Wapwani wenzangu mnajua, na bara pia ipo, ukiacha mahari yenyewe kuna vile vitu vya pembeni kwenye ile orodha. Mkaja wa mama. Kilemba cha baba, wengine cha babu. Kwanza niseme, kwa Waislamu mahari ni haki ya bi harusi mwenyewe na hiyo mimi siigusi, tunaongelea hivi vya wazazi. Siku hizi vimekuwa nini? Mistari kwenye karatasi. Mkaja laki mbili, kilemba laki tatu, jumla kadhaa, tuma kwa namba hii, jina litakuja fulani. Meseji imeingia, mama ameshukuru, imeisha.

Mkaja ni nini lakini? Kile kitambaa mzazi anachofungwa tumboni akishajifungua. Ndio unakilipia. Unamwambia huyu mama, ule uchungu wako nimeuona.

Kuna kijana yuko Muscat, kazi za huko mnazijua likizo ni ya kuhesabu, akataka atume vyote kwa simu amalize. Mshenga wake mzee mmoja mkaidi wa Mzenga akamwambia mahari tuma, kilemba tuma, mkaja utauleta kwa mkono wako au hapatakuwa na mshenga. Kijana alinuna sana. Lakini likizo ilipofika akapita Kariakoo akanunua kitambaa kweli, doti nzima, akaja nacho kimekunjwa na hela ndani. Mimi nilikuwepo, nilialikwa kama shangazi. Mama mkwe alipokifungua alicheka. Akasimama, akajifunga tumboni juu ya dera, mbele ya wanaume wazima, akasema, "Nilifungwa hivi, na huyu hapa," akamuonyesha mama yake mumewe, bibi kizee amekaa mkekani pale pale. Halafu akaanza kuhadithia siku aliyomzaa yule binti, barabara imekatika kwa mvua, bodaboda enzi hizo hakuna, wamembeba kwenye baiskeli wanaume wawili wanashikilia. Yule bibi anamrekebisha, "watatu, watatu, na mumeo alikuwa analia". Baba mtu anaangalia chini.

Bi harusi alikuwa chumba cha pili anasikia yote. Miaka yote ile alikuwa hajawahi kuisikia hiyo hadithi. Jiulizeni, wangapi humu mnajua mlizaliwaje siku hiyo? Na itasemwa lini kama haijasemwa siku ya mkaja?

Wanasheria wataniambia, na wako sahihi, Sheria ya Ndoa ya 1971 haisemi ndoa inaanguka kwa sababu mahari haijalipwa. Basi ndio vizuri zaidi. Kama serikali haikulazimishi, kilichobaki pale ni kile unachotaka kumwambia mama wa watu. Sasa kwanini umwambie kwa meseji ya muamala?

(Hapa kina mama walipiga vigelegele mpaka nikasubiri.)

Haya, kicheni pati. Nitasema na nitakaa salama?

Kicheni pati imekuwa sare, masufuria na matusi. Nasema ukweli. Tunamkalisha binti kwenye kiti cha malkia, anakuja mtu wa kukodi hamjui binti wala mchumba wake, anaongea mambo ya chumbani kwa sauti ya kutafuta kiki, wote tunacheka, tunatoa friji, tunaenda nyumbani. Binti amejifunza nini? Kwamba shosti zake wana hela.

Kwa upande wa baba yangu mwali alikuwa anawekwa ndani, ana kungwi wake, ana kile kinyago kidogo cha mti, mwana hiti, anakitunza kama mtoto, halafu anatolewa, anapelekwa chini ya mti wa mkole, nyimbo zinaimbwa na kila wimbo una somo ndani yake, mwingine hata hulielewi mpaka umeshazaa. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka wa Unguja aliyetutoka 2013, dunia nzima ilimjua kwa taarab, lakini wanawake wengi kule walimjua kwanza kwa unyago, ile ngoma ndefu kaifunga kiunoni anafundisha wanawali. Kungwi ni mwalimu, na anakujua wewe, na baada ya harusi unarudi kwake kumuuliza. Yule wa kukodi utarudi kumuuliza nini, hata namba yake ipo kwa mwenyekiti wa kamati.

Na hapa naomba nisimame kidogo niseme jambo bila kuchekesha. Sisemi turudishe kila kitu. Zipo sehemu kuna watoto waliingizwa unyago wa miaka kumi na miwili wakatoka wameshaambiwa ni wakubwa, shule ikaishia hapo, mume akatafutwa. Ukeketaji kwa mtoto umepigwa marufuku kwa sheria tangu 1998. Mahakama Kuu 2016, na Mahakama ya Rufani 2019, zimekubaliana na mwanasheria Rebeca Gyumi kwamba vifungu vinavyoruhusu binti kuozwa kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Mzee akikwambia "lakini ndio mila", mwambie kwa adabu, mzee, hiyo kazi imefutwa. Na mtu akitumia neno mila ili binti anyamaze, huyo ana lake jambo.

Sasa kwa mtu mzima anayeolewa kwa hiari yake ana miaka ishirini na nane na kazi yake, kungwi atamfundisha nini? Ahaa. Nawapa mfano nilioupenda.

Dada mmoja wa Tandika, hakutaka kabisa malkia wala kiti. Akawaambia mama zake na mashangazi na mashoga zake, msiniletee vyombo, kila mtu aniletee kanga moja, aichague kwa jina lake, na akinipa asimame anisomee na aniambie kwanini kachagua hiyo. Tulikaa mkekani. Bibi yake alileta kisutu, ile ya nyekundu nyeusi na nyeupe, ya harusi, haina maandishi, akasema mimi yangu haina jina nitaisema mwenyewe, na akasema kwa robo saa. Mama mdogo akaleta "Wema hauozi" akahadithia jinsi wifi yake alivyomtesa miaka mingi halafu ndio huyo huyo akaja kumuuguza. Jirani akaleta "Mapenzi kikohozi hayawezi kufichika", huyo alikuwa anawaona wale wachumba wanavyoagana getini, alimwaga siri zote. Halafu mama mkwe mtarajiwa akasimama, kafungua kanga yake taratibu, imeandikwa "Mtasema mchana usiku mtalala".

Kimya! Watu wanaangaliana, huyu anamtupia nani? Akasema, "Mwanangu, hii nilivaa mimi. Nilipoolewa mtaa wote ulisema siwezi kuzaa. Nakupa ili siku watakaposema lolote kuhusu wewe, ujue mkweo hakuwa kwenye hilo kundi." Jamani! Kuna sufuria gani itasema hivyo? Friji gani? Na kila kanga aliyoletewa anaivaa nyumbani, anapika nayo, inamkumbusha mtu na maneno yake.

Gharama ya doti ya kanga mnaijua wenyewe. Nani alikuwa na kazi pale? Wote.

Sasa tucheke kidogo. Mlango.

Kifungua mlango mnakijua, bwana harusi amekuja kumchukua mke wake, kina dada wameziba, toa hela. Zamani ilikuwa vita hasa, inachukua saa, watu wanaimbana, wanatupiana maneno. Sasa hivi ni elfu kumi kumi, dada mmoja anasema ongeza, mpiga picha anasema jamani mwanga unaisha, mlango unafunguliwa. Ile kazi ya walinda mlango imegeuka geti la kulipia.

Mwaka jana kuna binti wa Kizaramo anaolewa na Msukuma, na mnajua Wazaramo na Wasukuma ni watani, basi nikaona hapa tukikosa tumejikosesha wenyewe. Nikawaambia mlangoni hatupokei hela mpaka vitendawili. "Kitendawili!" Wasukuma wote, "Tega!" Nyumba yangu haina mlango. Wakapata, yai. Kuku wangu kazalia mibani. Kimya... hawa wamezaliwa mjini hawa, nanasi wanalijua kwenye glasi tu. Wakashindwa. "Tupeni mji!" Wakatoa Tabora. Wazaramo wakakataa, Tabora ya watu wengine hiyo, tupeni Mwanza! Mzee mmoja wa Kisukuma akasema Mwanza hatutoi hata kwa binti wenu, labda Geita na dhahabu tuchimbe sisi. Kila mji tukaupangia bei, hela inaingia kwenye ungo. Watoto ndio walikuwa wanakimbiza majibu, mtoto wa darasa la tatu kawaokolea Wasukuma miji miwili.

Halafu shangazi mmoja wa upande wetu naye akataka kutega, akaja na "Nyumba yangu kubwa haina taa". Wazee wakaguna. Mimi nikaruka na maiki, "Shangazi hiyo futa, futa!" Maana jibu lake ni kaburi, na bi harusi yuko mlango wa pili. Kwahiyo na nyie mkifanya, pitieni vitendawili mapema na mtu mzima. Lakini nawaambia ile harusi watu hawaongelei keki. Wanaongelea Mwanza.

Wakikuyu kule Kenya wana yao nzuri, siku ya ngurario, ile harusi yao ya kimila, bi harusi anafichwa katikati ya wanawake wenzake wote wamejifunika leso gubigubi, bwana harusi atafute wa kwake. Kijana wetu mmoja wa Tanga alienda kuoa Murang'a, akachagua kwa kujiamini kabisa, kumfunua, shangazi mtu. Akatozwa faini hapo hapo. Mpaka leo yule shangazi anamuita "mume wangu". Mmeona tayari amepata mtu wake ukweni?

Najua kuna mtu anawaza, dada, hivi vyote vya nini, mbona sisi ni watu wa kisasa, mimi nataka shela langu jeupe. Vaa! Nani kakukataza? Ila ujue na lenyewe ni la kuiga, lilipata umaarufu Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa na gauni jeupe mwaka 1840, wenzake wakaiga, na sisi tukaja kuiga walioiga. Na yale matarumbeta tunayoyapenda, yanayopanda pikapu na kupita Mandela Road foleni yote inageuka, mizizi yake ni beni, watu wa pwani kuanzia huko Lamu na Mombasa mwisho wa karne ya 19 waliona bendi za jeshi za wazungu wakasema hii tunaiweza, wakaifanya ngoma yao ya mashindano. Leo nani atasema tarumbeta sio mila ya Uswahilini? Kwahiyo anayewaambia mila zimefungwa hakuna kuongeza, msimsikilize. Wazee wetu waliongeza sana.

Na nyie mnaweza kuongeza. Wale maharusi wa Kigamboni walikutana kwenye pantoni, kila siku asubuhi Magogoni, yeye anaenda kazini na kijana anaenda chuo. Siku ya harusi kamati ikapanga magari yapite Daraja la Nyerere, lipo tangu 2016, rahisi. Wakakataa, tunavuka na pantoni. Mwenyekiti wa kamati nusura ajiuzulu. Lakini walivuka, matarumbeta ndani ya pantoni, wauza karanga wanacheza, bibi mmoja ambaye hata hatumjui akawapa embe mbili akasema mkazae. Waliohusika mle ndani hawakuwa na kadi hata mmoja, singo wala dabo.

Ila sikilizeni, hii ilifanya kazi kwa sababu pantoni ni ya kwao kweli. Msije mkatoka hapa kila mtu anatafuta pantoni.

Jingine ni marehemu. Nimeona mnaweka kiti chenye picha na mshumaa, mmekiona mtandaoni. Sawa. Lakini kwetu tuna njia ya zamani zaidi, maharusi wanaenda makaburini kabla, wanafagia, wanapalilia, wanaomba dua au sala, wanasema tumekuja kuwaambia. Mpelekeni na mtu aliyemfahamu huyo marehemu vizuri, awaonyeshe njia. Hiyo ni kazi ya mtu. Na kama kuna jambo la tambiko ndani yake, msifanye kwa kujificha, nendeni kwa padri, mchungaji au shehe wenu mapema mumuulize wazi lipi linakubalika na lipi hapana. Nimeshuhudia ndoa imecheleweshwa kanisani asubuhi kwa sababu mtu alinong'ona jambo ambalo lingeulizwa mwezi mmoja nyuma likaisha.

Muda mtautoa wapi? Mimi ndio mwenye ratiba nawaambia. Futa kufungua shampeni, dakika kumi na tano hizo na nguo za watu zinaloa. Futa utambulisho wa simama kaa. Punguza kuingia, bwana harusi hahitaji nyimbo nne kufika kwenye kiti. Saa nzima imepatikana. Chagueni jambo moja la kwake na moja la kwako, mawili tu, mkijaza kumi mnarudi kule kule kwenye maonyesho. Na kila moja liandikwe kwenye ratiba na jina la mtu mbele yake. Jina la mtu, sio "wazee", sio "upande wa bi harusi".

Nimemaliza, maswali. Dada wa kilemba cha njano pale nyuma, simama... sema kwa nguvu. Anasema bibi na babu wote wameshafariki, mama kalelewa mjini, mila za kwao hazijui, afanyeje?

Pole mdogo wangu, na uko na wenzako wengi humu. Kwanza nenda kijijini mlikotoka, hata siku moja, ulizia rika la bibi yako nani yuko hai, wale waliocheza naye. Ikishindikana tafuta watani wa kabila lenu, hao wanawajua kuliko mnavyojijua na watakusema bila kupunguza. Usianze kwa kuuliza "mila zetu ni zipi", mzee atakupa hotuba kama hii yangu. Muulize siku bibi alipoolewa yeye alikuwa wapi, alishika nini mkononi, nani aligombana na nani. Na akianza kuhadithia weka simu irekodi, ila muombe ruhusa kwanza.